Mtoto Aliyezikwa Akiwa Rimandi

Kule kwetu Kegonga, mwizi wa ng'ombe akikamatwa hakimu humwambia atafungwa muda gani. Wake zake hupata kujua. Humtengea mbegu, na siku yake ikifika hutuma mtu akamngojee njiani na kibuyu cha uji. Mjomba wangu mmoja alifungwa hivyo, akarudi amenenepa, akatueleza hadi alivyokuwa akihesabu mavuno kwa kuchora kwenye ukuta wa jela. Alikuwa mwizi kweli, wala hakukana. Nasema haya kwanza kwa sababu mtoto ninayetaka kueleza habari zake hakuiba hata kuku, na hapakuwa na mtu Homa Bay nzima aliyeweza kumwambia atatoka lini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, bendera bado zikitundikwa hata dukani. Mimi nilikuwa kijana mzima asiye na mke wala shamba. Shule niliiacha darasa la nne. Akili sikukosa, nilikosa makalio ya kukaa. Nilitaka kuona barabara inakokwenda, na mtu akinijibu swali moja nilikuwa na mengine mawili tayari mdomoni. Nilikuwa nimechunga, nimechekecha mchanga wa dhahabu Migori, nimepakua magunia, na mwaka huo nilikuwa nasukuma mkokoteni wa mapipa ya maji kutoka ziwani hadi mjini. Muuza maji huingia kila mahali. Nilikuwa nawapelekea wenye hoteli za chai, laini za polisi, na nyumba moja ndefu ya mabati iliyozungushiwa seng'enge, walimowekwa watoto waliokuwa wakingoja kesi.

Watoto hao walikuwa wa kila namna. Kuna aliyeiba ndizi, kuna aliyekutwa amelala chini ya meza ya sokoni, kuna wawili ambao mama yao alikamatwa na pombe haramu ya chang'aa. Lakini aliyenivuta ni mmoja wa kama miaka kumi, mwembamba, mtani kupita kiasi.

"Jakuria!" aliniita siku ya kwanza kutoka ndani ya seng'enge. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyotuita sisi Wakuria. "Ni kweli huko kwenu milimani mtu akioga hushika mti?"

"Kwa nini ashike mti?"

"Asichukuliwe na maji ya beseni."

Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Na wewe bingwa wa ziwa, mbona naona umevuliwa kama samaki ngege?"

Hapo akacheka yeye pia, akasema, "Umesema kweli, nilivuliwa."

Habari yake alinipa kidogo kidogo, kila nilipokuwa namimina maji. Kwao ni Muhuru Bay, kule mwisho kabisa, karibu na Tanzania. Alikuwa ametoka na baba yake mdogo kutega nyavu, kazi yake kukumba maji yaliyoingia mtumbwini. Kwa kukumbia alichukua sufuria ya mama yake bila kuomba. Upepo ukawapindua mbali na nchi kavu. Baba yake mdogo alimsukumia ubao, akamwambia ashike asiachilie, na hakumwona tena. Mashua ya mizigo iliyokuwa ikienda Kisumu ikamwokota. Mabaharia wake walikuwa wageni, hawakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Walimshusha kwenye gati la Homa Bay, wakampa samaki wa kukaanga na nasaha: nenda polisi, wao watakurudisha kwenu.

Akaenda. Naomba msomaji aelewe hapo, maana mimi ilinichukua siku kadhaa kuamini. Hakukamatwa akikimbia. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, akiwa bado na chumvi ya samaki vidoleni, akawaambia polisi kwao ni Muhuru na anaomba kurudishwa. Wakamwandikia kosa la kuzurura bila mlezi, wakamfungia.

Nilipoanza kuleta maji pale alikuwa tayari mwenyeji. Alifika kabla ya mvua za masika. Sasa mahindi ya pembeni mwa seng'enge yalikuwa yameshavunwa na mabua yake yamelishwa ng'ombe. Kaptula aliyokuja nayo ilikuwa imempanda mapajani.

Nikaanza kuuliza. Mlinzi wa pale alikuwa koplo mmoja mzee, Mjaluo, si mtu mbaya. Alikuwa akiwachongea watoto pia za mti za kuzungusha.

"Afande, huyu wa Muhuru atatoka lini?"

"Kesi ikiisha."

"Kesi gani?"

"Ya kuzurura."

"Amezurura wapi, afande, naye anakaa humu tu?"

"Omera, ndugu yangu," akasema, "mimina maji."

Nikamngoja afisa mwenyewe, mkuu wa nyumba ile ya watoto. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwenye kalamu mbili mfukoni na viatu vinavyong'aa hata wakati wa tope. Alikuwa na upole fulani ambao mpaka leo unanikera kuliko ukali wa askari. Hakunifukuza. Alinieleza kana kwamba ananifundisha.

"Sheria yetu ni nzuri," alisema. "Mtoto haruhusiwi kukaa rimandi muda mrefu. Muda una kikomo, na sisi kikomo tunakiheshimu. Kikikaribia tunampeleka mahakamani."

"Halafu?"

"Kesi inatajwa."

"Halafu?"

"Akiwa bado hajapata mlezi, anaongezewa muda mwingine."

"Basi bwana mkubwa, muda hauishi."

"Unaisha," akasema, akishangaa ugumu wa kichwa changu. "Kila mara unaisha."

Sina elimu, lakini kamba najua kuifunga. Ukimfunga mbuzi kamba, na kila akifika mwisho wake ukaunganisha nyingine, huwezi kuniambia mbuzi huyo amefungwa kamba fupi. Hakimu alimwona mtoto yule mara nyingi, na kila mara alimwona kama mgeni. Hakuna aliyejumlisha. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha muda, kidogo, halali, kisicho na lawama. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa nao wote.

"Na wazazi mmewaita?" nikauliza.

"Habari imepelekwa kwa chifu wao."

Jibu la chifu nililipata kwa koplo, asubuhi moja, akiwa ameinamisha kichwa. "Baba yake amemkana," alisema. "Amesema hana mtoto Homa Bay. Sasa afisa anasema huyu ni mtoto aliyetupwa. Kesi ikitajwa tena, anapelekwa shule ya kurekebisha tabia, kule mbali, upande mwingine wa nchi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu mzima."

"Mtoto amejua?"

"Mwambie wewe. Mimi nina wajukuu."

Sikumwambia. Nilimwachia mkokoteni jirani yangu, nikapanda lori la magunia mpaka Migori, na kutoka hapo nikaenda kwa lori lingine na kwa miguu. Nikisema niliongozwa na huruma nitajisifu bure. Nilitaka kumwona kwa macho yangu baba anayemkana mtoto mwenye ulimi kama ule.

Nilimkuta anarekebisha nyavu mbele ya boma lake, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nilipotaja mtoto, hakusimama. Alishusha sindano ya nyavu tu.

"Wewe ni wa pili," alisema. "Askari wa chifu alikuja na maneno hayo. Nilimwambia, mtoto wetu tumemzika."

"Mlimzikaje, baba, na mimi nimemwona juzi?"

Akanionyesha. Upande wa boma palikuwa na makaburi mawili, moja refu na moja fupi, na yote mawili yalikuwa yameanza kuota nyasi. La refu lilikuwa la mdogo wake, ambaye ziwa lilimrudisha ufukweni. La mtoto halikuwa na mtoto. Walikesha ufukweni, wakazunguka visiwa wakiuliza, wakaita jina lake juu ya maji mpaka sauti zikawakauka. Hakurudi. Na mtu aliyepotelea ziwani asipozikwa, alinieleza, haachi nyumba yake ipumzike. Huwaita ndugu zake mmoja mmoja. Basi wakafanya wanavyofanya watu wa huko tangu zamani: wakaangua tunda la yago, mti ambao Waswahili huuita mwegea, tunda refu na zito kama mchi wa kutwangia. Wakalifunga kwa shuka kama maiti, wakalilaza kaburini badala ya mtoto. Wakanyoa nywele. Mwalimu wa kanisa aliomba, kwaya ikaimba. Waliyafanya ya mila na ya msalaba, wasibakize deni kokote.

"Sasa nisikilize, kijana," baba alisema. "Nikisema yule wa Homa Bay ni wangu, hapa nimemzika nani? Nikimleta avuke lango hili, kaburi litakaa wazi likidai mtu wake. Nina watoto wengine wanne ndani ya nyumba hii."

"Lakini yu hai."

"Askari wangekuja juma lile la kwanza," akasema, "ningekimbia kwa miguu mpaka Homa Bay. Ningembeba mgongoni. Walikuwa naye! Sisi tunaita juu ya maji, wao wanaye!"

Nilikwenda kule nikiwa nimeandaa hasira, na yule niliyemwandalia hakustahili. Mtu huyu hakumkana mtoto. Waliokaa na mtoto wake kimya mpaka akamzika ndio hao hao sasa walimwita baba mkatili, na kaburi walilolisababisha wao likawa sababu ya kuendelea kumfungia.

Mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake muda wote huo. Nywele zake zilikuwa bado fupi. Alinisogelea, akaniuliza jambo moja.

"Huyo unayemsema alikuambia nini juu yangu?"

"Alisema ukimwona usimpige. Sufuria yako ilizama, na aliichukua bila kuomba."

Mumewe akamtazama. Ile sufuria, nilikuja kuambiwa baadaye, mama aliitafuta boma zima siku ile ya ajali, akamlaumu mke mwenzake, na tangu msiba hakuwahi kuitaja kwa mtu.

Mama alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

"Mama watoto," baba akasema, akiinuka. "Mama watoto, usifanye hivyo."

Mama alikwenda kwenye lile kaburi fupi akaanza kuchimba, mchana kweupe, jirani wakitazama juu ya ua. Mama mkwe wake alitoka akipiga mayowe.

"Unafukua nini? Wewe mwanamke, unafukua nini? Shimo hilo litadai!"

"Likidai linidai mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye niliyenyolewa."

Hakuna aliyethubutu kumshika mkono, maana kumgusa ni kushiriki kufukua kaburi. Shuka ilikuwa imeoza, na tunda limekuwa jeusi upande mmoja, lakini yago ni gumu, lilikuwa zima. Alilipangusa udongo kwa kiganja, akalifunga kwa kanga, akanigeukia.

"Jakuria, tangulia. Nionyeshe hao watu."

Tulipanda lori la samaki. Kondakta hakuuliza kitu, harufu ya samaki ilifunika mengine yote. Ila bikizee mmoja aliyeketi karibu nasi aliugusa mzigo ule kwa bahati mbaya, akaupapasa kidogo, kisha akatutazama usoni. Alikuwa amesema anakwenda Rongo. Akashuka Migori, tena kabla lori halijasimama vizuri.

Ofisini kwa afisa tuliingia kesho yake saa nane mchana. Makarani wawili walikuwepo, koplo alikuwa mlangoni. Afisa alimpa mama kiti, akatoa kalamu.

"Pole sana, mama. Lakini sheria inataka baba. Baba amesema hana mtoto, amemzika. Mimi nitamkabidhi nani mtoto ambaye kwao wamemzika?"

Mama alifungua kanga, akaliweka lile tunda juu ya meza, katikati, juu ya mafaili.

"Huyu ndiye niliyemzika," alisema. "Mchukue wako. Nipe wangu."

Karani wa kwanza alitoka bila kuomba ruhusa. Wa pili alipitia dirishani, na halikuwa dirisha kubwa. Afisa alitazama udongo ukimwagika juu ya mafaili yake. Hakuelewa, lakini alikuwa anaanza kuogopa kwa sababu wengine waliogopa.

"Koplo! Toa uchafu huu."

Koplo alisimama kikakamavu, akapiga saluti. "Siwezi, bwana mkubwa."

"Nimekuamuru!"

"Nipeleke kizuizini, bwana mkubwa. Kile kitu kimetoka kaburini. Sikigusi."

Afisa akanigeukia mimi. Nikamwambia mimi ni wa maji tu.

"Mama," akasema, sasa bila ule upole wake, "ondoa kitu hiki mezani kwangu."

"Nitakiondoa," mama akasema, akikaa vizuri kitini. "Tulibadilishana. Wewe ulikaa na wangu, mimi nikakaa na hiki. Leta wangu, hiki kinatoka. Nina muda. Nyinyi ndio mlionifundisha kungoja."

Habari ilikuwa imeshafika nje. Watu walianza kukusanyika uani, hakuna aliyekanyaga kizingiti. Afisa alijaribu kuendelea na kazi. Alivuta faili moja, udongo ukamwangukia suruali. Akasimama. Akavaa kofia, akavuka barabara mwenyewe kwenda mahakamani, na akarudi kabla kivuli cha mlingoti wa bendera hakijasogea.

"Kesi imefutwa," alisema akiwa bado nje. "Koplo, mlete mtoto."

Basi kumbe iliwezekana! Hili ndilo lililoniwasha, na linaniwasha mpaka leo nikiandika. Baba hakuja. Jibu la chifu halikubadilika. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya saa nane na chai ya saa kumi. Miezi yote ile, mvua mpaka mavuno, mlango ule ulikuwa unafunguka kwa mwendo wa kuvuka barabara, na hakuna aliyevuka kwa sababu hakuna aliyekereka. Kaptula ya mtoto ilipokuwa fupi, hakuna mkubwa aliyekereka. Kwao walipomlilia, hakuna aliyejua. Kikomo walichokuwa wakikisifu kilikuja siku meza ya mtu mmoja ilipochafuka.

Mtoto aliletwa. Alisimama mbele ya mama yake, mikono ikining'inia, ule ulimi wote umemwisha. Mama alimtazama kuanzia miguuni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimemfika begani.

"Nyathina," alisema, mtoto wangu, kisha akaongeza kwa sauti ya kugomba, "umekua bila ruhusa yangu."

Hapo ndipo mtoto alipolia, na mama akamwacha alie.

Tunda alilichukua kama alivyoahidi. Walishuka gatini wote wawili, nami nyuma yao. Alimwambia mtoto asimame mbali na maji, akalirusha yeye kwa mikono miwili. Lilizama mara moja. "Hilo ni lako," aliliambia ziwa. "Huyu ni wangu." Sijui wazee wa Muhuru walisemaje walipofika, au kama waliridhika na malipo yale. Najua tu kwamba baba alikuwa ametufuata. Tulimkuta barabarani jioni ile, amechakaa kwa vumbi, na alipomwona mtoto aliketi chini pale pale njiani.

Kesho yake nilirudi kwenye kazi yangu. Nilipofika kwenye seng'enge watoto walikuwa wamejipanga wakiningoja, na haikuwa kwa ajili ya maji. Walikuwa wamesikia yote. Mmoja wa wale wawili wa mama wa chang'aa, mdogo kabisa, ndiye aliyesema.

"Jakuria, hilo tunda linapatikana wapi?"

Nilimtafuta afisa. Meza yake ilikuwa imesuguliwa kwa maji niliyouza mwenyewe.

"Bwana mkubwa, na hawa waliobaki?"

"Hawa kesi zao zinaendelea," alisema. Upole wake ulikuwa umesharudi. "Muda wao ukikaribia tutawapeleka."

Nilitoka nikakaa chini karibu na seng'enge, nikamwuliza kila mtoto kwao ni wapi, mto gani, kanisa gani, mama anauza nini sokoni. Koplo alinikuta hapo. Nilidhani atanifukuza. Akachutama upande wa pili wa waya, na wale waliokuwa wadogo mno kueleza, akanisaidia kuwaelewa. Kisha nikauza mapipa, maana nisingeweza kuyasukuma mpaka makwao, Kegonga na visiwani, nikaanza safari kupeleka kwa wazazi habari ya yule ambaye kwao ni karibu zaidi.